Nyumba iliyoezuliwa na tornado Marekani: tuirudishe vipi bila kuiharibu mara ya pili

Mleta uzi (Bowling Green, Kentucky)

Ndugu zangu wanajamvi, salaam.

Kila msimu wa tornado, yaani dhoruba kali za upepo unaozunguka, unapopita katika majimbo ya kati ya Marekani, napokea jumbe kutoka kwa wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili wanaouliza jambo lile lile: paa limeezuliwa, familia imetoka salama, sasa tuanzie wapi? Mimi ni fundi seremala, na tangu Desemba 2021 sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye nyumba zilizopigwa na tornado katika mji huu. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, ili anayeyahitaji ayapate hata usiku wa manane.

Kwa wasiokumbuka, usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, muda mfupi baada ya saa saba usiku, tornado ya daraja la EF3 (kipimo cha nguvu ya tornado, kuanzia EF0 iliyo dhaifu hadi EF5 iliyo kali kabisa) ilipita katikati ya Bowling Green kwa upepo uliokadiriwa kufikia maili 165 kwa saa, yaani takribani kilomita 265. Watu 17 walifariki katika kaunti yetu ya Warren, na usiku huo huo mji wa Mayfield, ulio magharibi ya jimbo hili, ulipigwa na tornado kubwa zaidi ya daraja la EF4. Mitaa iliyoumia sana hapa kwetu, kama Creekwood na maeneo ya jirani na barabara ya Russellville, ilikuwa na familia nyingi zilizokuja Marekani kama wakimbizi: Wabosnia, Waburma na Wakongo. Kwa wengi wao, nyumba iliyoezuliwa usiku ule ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuimiliki tangu wafike nchi hii.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni kimoja. Tornado hukaa juu ya nyumba kwa muda mfupi sana, pengine chini ya dakika moja, lakini nyumba nyingi nilizoshuhudia zikibomolewa hadi kwenye msingi zilikuwa bado zinaokoleka asubuhi ya siku ya kwanza. Kilichozimaliza ni maji yaliyoingia katika siku zilizofuata, pamoja na karatasi zilizotiwa sahihi mlangoni kwa haraka, wakati mwenye nyumba hajalala wala hajala. Kwa hiyo mtu anayeuliza aanzie wapi, mimi humjibu kwamba azuie maji na azuie kalamu yake, kisha mengine yatafuata.

Kabla ya hayo yote kuna usalama, na hapa sitarefusha. Ukisikia harufu ya gesi, toka na upige simu ukiwa nje. Usiwashe wala kuzima swichi ya umeme katika nyumba iliyoingia maji. Kama ukuta umeinama, kama milango iliyokuwa ikifunga vizuri sasa inagoma, au kama kuna mwanya mpya kati ya ukuta na dari, usiingie mpaka mkaguzi wa majengo wa jiji au wa kaunti aipitie nyumba. Jenereta iwekwe nje, umbali wa angalau mita sita kutoka dirishani na mlangoni, na moshi wake uelekezwe mbali na nyumba, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu waliokwisha kunusurika na upepo. Ikiwa ni majira ya baridi, kama ilivyokuwa kwetu, funga koki kuu ya maji na uyatoe maji yaliyobaki kwenye mabomba, maana nyumba isiyo na umeme wala joto hupasuka mabomba usiku wa kwanza wa barafu, nawe utapata mafuriko ya pili kutoka ndani ya kuta.

Sasa maji. Piga picha na video za kila chumba kabla hujagusa kitu, ukianzia nje kwenye pembe zote za nyumba na kumalizia ndani ya kabati na droo. Friji, jiko, tanuri la kupashia nyumba joto na mashine ya kufulia zipigwe picha zikionyesha kibandiko chenye namba ya modeli. Baada ya hapo tandaza turubai siku hiyo hiyo. Turubai lipande hadi kuvuka kilele cha paa na kushuka upande wa pili, kwa sababu likiishia chini ya kilele maji yatapita juu yake na kuingia kama vile halipo. Ukingo wake uviringishwe kwenye ubao mwembamba, kisha ubao huo ndio upigwe misumari. Turubai lililopigiwa misumari bila ubao huchanika kwa upepo wa kwanza. Tunza risiti za turubai, mbao, misumari na hata fundi uliyemlipa, kwa sababu mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba humtaka mwenye nyumba azuie hasara isiendelee, na gharama hizo za kuzuia hudaiwa pamoja na madai mengine.

Ndani ya nyumba, adui ni kuvu, nayo huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 mahali palipolowa. Kuta za nyumba za hapa zimefunikwa kwa bodi za jipsamu, na ndani yake mna pamba ya kioo ya kuzuia baridi. Ukuta unaweza kuonekana mkavu na rangi yake haijabadilika. Ng'oa ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, toboa tundu dogo mahali ulipokuwa umefunika, kisha ingiza vidole: pamba inayotakiwa kuwa nyepesi utaikuta imeshikana, nzito, inachuruzika. Pamba hiyo haikauki ikiwa imefungiwa, na jipsamu iliyoigusa hunyonya maji kwenda juu. Vyote viwili vikatwe na kutupwa hadi kupita mahali palipolowa, na nguzo za mbao zilizobaki ziachwe wazi zipigwe na feni na mashine ya kufyonza unyevu. Kumwagia dawa ya klorini juu ya jipsamu iliyoota kuvu hakusaidii, kwa kuwa mizizi iko ndani.

Mkigawana kazi, wapo wa kupanda juu, wapo wa kukata kuta, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni daftari tu: nani alipigiwa simu, saa ngapi, akasema nini, akatoa namba gani ya madai.

Mchangiaji kutoka Nashville, Tennessee

Ahsante sana kaka kwa uzi huu. Sisi hapa tulipigwa tarehe 3 Machi 2020, pia usiku, na ninakubaliana nawe kabisa kuhusu kalamu. Naomba utufafanulie habari ya bima, kwa maana kuna mambo yaliyotuchanganya. Mtathmini wa kampuni ya bima alituletea hesabu ambayo ilikuwa chini sana ya gharama za mafundi, kisha hundi ilipokuja ilikuwa na majina mawili, la kwetu na la benki iliyotukopesha, na benki ikaizuia. Wapo majirani waliodhani wameibiwa.

Mleta uzi

Dada, pole kwa yaliyowapata, na umegusa mahali penye maumivu.

Kwanza, uharibifu wa tornado huhesabiwa kuwa ni wa upepo, na bima ya kawaida ya mwenye nyumba huulipia. Mafuriko ya mto au ya maji yaliyojaa ardhini hayamo, hayo yana bima yake ya peke yake. Mvua iliyoingia kupitia paa ambalo upepo umeliezua hiyo imo, na ndiyo sababu picha za paa lenyewe ni muhimu kuliko picha za zulia lililolowa. Pili, kila mkataba una kiasi ambacho mwenye nyumba hujilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Wengi hudhani ni dola 1,000, kumbe kwa hasara ya upepo na mvua ya mawe mikataba mingi huweka asilimia ya thamani ya bima ya jengo. Asilimia 2 ya nyumba iliyowekewa bima ya dola 250,000 ni dola 5,000. Soma ukurasa wa mwanzo wa mkataba wako leo, kabla ya upepo.

Tofauti ya hesabu na gharama mara nyingi inatokana na aina ya bima. Ipo inayolipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku kilipoharibika, yaani paa la miaka 15 hulipwa kama paa lililochakaa. Ipo inayolipa gharama ya kuweka kipya, lakini hata hiyo hulipa kwa awamu mbili: kwanza thamani iliyopunguzwa uchakavu, kisha kile kilichopunguzwa hulipwa kazi ikishakamilika na ankara zikionekana. Mikataba mingi hutaka uijulishe kampuni ndani ya siku 180 kwamba utadai awamu hiyo ya pili. Nimeona familia zilizopokea hundi ya kwanza zikaamini ndiyo mwisho, zikajenga kwa mbao za bei ya chini na kuacha fedha yao halali bila kuidai.

Hesabu ya mtathmini nayo si hukumu. Ichukue karatasi yake, pita nayo chumba kwa chumba pamoja na fundi, na kila kilichorukwa kiandikwe: pamba ya kioo iliyolowa juu ya dari, gharama ya kuondoa vifusi, kupaka rangi ukuta mzima badala ya kipande, nyaya za umeme zilizoingia maji. Kisha tuma madai ya nyongeza yenye picha. Hiyo ni taratibu ya kawaida na haina ugomvi. Ikiwa hasara ni kubwa na kampuni imekaza, unaweza kuajiri mtathmini wa kujitegemea anayemwakilisha mwenye nyumba, ila elewa kwamba huyo hulipwa asilimia ya fidia yako, kwa hiyo usimwajiri siku ya kwanza kabla hujajua kampuni itatoa nini.

Kuhusu hundi ya majina mawili, benki iliyokukopesha ina haki juu ya jengo, kwa kuwa jengo ndilo dhamana ya mkopo. Kwa kawaida benki huishika fedha na kuitoa kwa awamu kadiri mkaguzi wake anavyothibitisha kazi imefikia wapi. Piga simu idara yao ya malipo ya hasara kabla hundi haijafika, uulize wanataka nyaraka gani, ili mkandarasi naye ajue ratiba ya malipo yake tangu mwanzo. Na endelea kulipa mkopo wa kila mwezi au uombe kwa maandishi uahirishwe. Nyumba kukosa paa hakuufuti mkopo.

Jambo jingine linalosahaulika ni gharama za kuishi kwingine. Bima nyingi hulipa tofauti kati ya matumizi yako ya kawaida na matumizi ya lazima unapokuwa nje ya nyumba yako: hoteli, nyumba ya kupanga, chakula cha mkahawa mahali pasipo na jiko. Tunza kila risiti.

Mchangiaji kutoka Bowling Green

Shikamoo fundi. Mimi si mwenye nyumba, mimi nilikuwa mpangaji. Mwenye nyumba alilipwa na bima yake, sisi na watoto tukaambiwa tutafute pengine. Tena majirani walisema kwamba msaada wa serikali ni wa raia tu, kwa hiyo hatukuomba. Naomba uliseme jambo hili waziwazi, kwa ajili ya wale watakaopatwa baadaye.

Mleta uzi

Marahaba mama, na umefanya vyema kulileta hapa, kwa sababu uvumi huo uliwanyima haki watu wengi waliostahili.

Bima ya mwenye nyumba hulinda jengo lake, haigusi vitanda wala nguo za mpangaji. Mpangaji ana bima yake, ambayo kwa mwezi huwa ni fedha kidogo sana ikilinganishwa na kodi, nayo hulipia vyombo na makazi ya muda. Hiyo ni ya kabla ya tukio. Baada ya tukio, Rais akishatangaza janga kubwa na kuruhusu msaada kwa mtu mmoja mmoja, kama ilivyofanyika kwa Kentucky tarehe 12 Desemba 2021, FEMA, shirika la serikali kuu la misaada ya majanga, hupokea maombi ya wenye nyumba na ya wapangaji pia. Katika maombi ya wakati ule, mkimbizi, mtu aliyepewa hifadhi ya kisiasa na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu walihesabiwa kuwa wanastahili sawa na raia. Hata familia ambayo wazazi hawana hadhi hiyo iliweza kuomba kwa niaba ya mtoto aliyezaliwa hapa, ambaye ni raia. Namba ya simu ya FEMA ni 1-800-621-3362, nawe una haki ya kuomba mkalimani.

Msaada huo si mkopo, hutakiwi kuurudisha, lakini una kikomo. Kwa mwaka wa fedha wa 2022 kikomo kilikuwa dola 37,900 kwa makazi, na kiasi kama hicho kwa mahitaji mengine. Haukukusudiwa kujenga nyumba nzima, wala FEMA hailipi kile ambacho bima imekwisha kulipa. Ndiyo sababu barua ya kwanza kwa watu wenye bima mara nyingi husema hustahili. Soma sababu iliyoandikwa. Pengine wanasubiri tu barua ya bima inayoonyesha kiasi kilicholipwa au kukataliwa, au wanataka uthibitisho kwamba uliishi kwenye anwani hiyo. Una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa, na rufaa ni barua tu yenye jina lako, namba ya maombi, maelezo na nyaraka.

Ipo pia mikopo ya janga ya shirika la serikali linaloitwa SBA. Jina lake linazungumzia biashara ndogo, hivyo watu huiacha, kumbe hukopesha wenye nyumba na wapangaji kwa riba ya chini. Na mkaguzi yeyote wa FEMA akija kwako hatakudai hata senti. Anayedai fedha ili akusajili au akukague si wao.

Mchangiaji kutoka Uvira, Kongo

Salamu kwenu nyote mlioko ugenini. Nina swali la mtu anayetazama kwa mbali. Ndugu zangu wako huko Kentucky na nimeona picha za nyumba zao: mbao tupu, zimetawanyika uwanjani. Kwa nini watu wanajenga tena kwa mbao mahali ambapo upepo wa namna hiyo hupita? Kwa nini wasijenge kwa matofali na saruji, kama sisi?

Mchangiaji kutoka St. Louis, Missouri

Naomba nimjibu ndugu wa Uvira kidogo kabla ya fundi. Sisi hapa tulipigwa na tornado ya EF3 tarehe 16 Mei 2025, nayo ilipita sehemu ya kaskazini ya jiji yenye nyumba za zamani za matofali, nyingine zina umri wa zaidi ya miaka 100. Kuta nzima za matofali zilianguka barabarani, ghorofa ya juu ikabaki wazi na vitanda vinaonekana kutoka nje. Tangazo la janga kutoka Washington lilikuja mwezi wa Juni, na nyumba nyingi za mtaa huo hazikuwa na bima kabisa. Kwa hiyo tofali peke yake si jibu. Nyumba ya shangazi yangu imebaki na kuta tatu, nasi tunabishana kama ibomolewe au irekebishwe.

Mleta uzi

Swali la ndugu wa Uvira ni zuri, na ushuhuda wa kaka wa St. Louis umelijibu nusu. Naomba nikae hapa kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo kazi yangu ilipo.

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake, hupanda kwa mraba. Upepo wa maili 140 kwa saa husukuma karibu mara mbili ya upepo wa maili 100. Ukipiga nyumba, husukuma ukuta unaotazamana nao na wakati huo huo hulivuta paa kwenda juu. Kisha mahali dhaifu hufunguka, na katika nyumba za hapa mahali hapo mara nyingi ni mlango mpana wa gereji. Ukishapasuka, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje ukiendelea kulivuta. Paa likiondoka, kuta hazina tena kinachozishika vichwa vyake, nazo huanguka. Utaona basi kwamba swali kubwa ni jinsi paa lilivyofungwa kwenye ukuta, ukuta kwenye sakafu, na sakafu kwenye msingi. Tofali lisilo na nondo ndani yake ni zito likiwa linabeba mzigo wa kushuka chini, lakini halina uwezo wa kuvutwa kwenda juu wala kusukumwa kwa ubavu, na likianguka humwangukia mtu. Ukuta wa bloku uliojazwa zege na nondo zilizofungwa tangu msingi hadi mkanda wa juu ni imara sana, bali gharama yake hapa ni kubwa, na fundi wa kuujenga haraka si rahisi kupatikana.

Niongeze jambo ambalo huwashangaza wageni wengi. Nyumba unayoiona Kentucky ikiwa na sura ya matofali, kwa kawaida ni ya mbao iliyovishwa matofali kwa nje, yakiwa yameshikwa na vipande vyembamba vya bati vilivyopigiliwa kwenye mbao. Nimesimama mbele ya nyumba ambayo vazi hilo lote limelala bustanini kwa mistari yake, huku ukuta wa mbao nyuma yake umesimama na saa ya ukutani ndani ingali inatembea.

Sasa, ukirudi kujenga au kutengeneza, fedha yako iende wapi? Panda kwenye dari kabla mafundi hawajafunga, ukiwa na tochi. Tazama mahali kenchi zinapokalia ukuta. Nyumba nyingi za zamani zina misumari michache tu iliyopigwa mshazari, nayo hushikilia dhidi ya uzito, si dhidi ya mvuto wa kwenda juu. Hapo pafungwe vibamba vya chuma vinavyounganisha kila kenchi na ukuta, ambavyo bei yake haizidi dola chache kwa kimoja. Kisha inua tochi utazame upande wa chini wa mbao za paa. Ukiona safu ya misumari inayong'aa hewani kando ya kenchi, maana yake fundi aliikosa kenchi, na ubao huo umekaa juu kwa uzito wake tu. Nimeona safu nzima za namna hiyo kwenye paa jipya lililokwisha kulipiwa. Misumari yenye pete mwilini ipigwe karibu karibu kuliko ilivyozoeleka, na viungo vya mbao za paa vizibwe kwa utepe maalumu kabla ya vigae vya lami, ili hata vigae vikiondoka maji yasiingie. Taasisi ya utafiti ya kampuni za bima, IBHS, ina kiwango kiitwacho FORTIFIED kinachoeleza haya yote, na unaweza kumpa mkandarasi wako akifuate. Chini kabisa, hakikisha mbao ya kwanza ya ukuta imefungwa kwenye msingi kwa bolti zenye nati na vishikio vipana, maana nimekuta nyumba ambazo nati hazikuwekwa kamwe.

Mtu atasema kwamba hakuna kitakachozuia tornado. Kwa EF5 ni kweli. Lakini tornado nyingi za Marekani ni za madaraja ya EF0 na EF1, na hata iliyo kubwa huwa na upepo wake mkali kabisa kwenye ukanda mwembamba wa katikati. Nyumba zilizo pembeni ya ukanda huo ndizo ambazo kibamba cha chuma huamua kama zitapoteza vigae au zitapoteza paa zima. Mji wa Moore, Oklahoma, uliopigwa na EF5 tarehe 20 Mei 2013 na kupoteza watu 24, uliamua mwaka uliofuata kubadili kanuni zake za ujenzi, ukataka nyumba mpya zihimili upepo wa maili 135 kwa saa, pamoja na milango ya gereji iliyoimarishwa. Walifanya hivyo kwa sababu walikwisha kuona tofauti kwa macho yao.

Uliza pia kama bima yako ina kifungu kinacholipia gharama za kufuata kanuni mpya za ujenzi. Jiji likidai vibamba au nyaya mpya ambazo nyumba ya zamani haikuwa nazo, kifungu hicho ndicho kitakacholipa, na bila hicho utalipa wewe.

Kwa kaka wa St. Louis, kuhusu nyumba ya shangazi. Msiamue kwa macho. Tafuteni mhandisi wa majengo wa kujitegemea, mumlipe wenyewe, aandike ripoti inayosema kuta tatu zilizobaki ziko wima kiasi gani, saruji ya kati ya matofali imelegea wapi, na mihimili ya sakafu bado imekalia nini. Wakati mnasubiri, kuta zishikizwe kwa nguzo za mshazari na sehemu ya juu ya matofali ifunikwe, kwa kuwa maji yakiingia katikati ya ukuta na kuganda wakati wa baridi hulisukuma tofali nje. Nyumba ya umri huo karibu hakika ina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ilikatazwa kwa nyumba mwaka 1978, hivyo watoto wasicheze kwenye vifusi na mafundi wasikwangue rangi ikiwa kavu.

Mchangiaji kutoka Nashville, Tennessee

Kaka, usisahau mafundi wa kupita. Kwetu walikuja kabla umeme haujarudi.

Mleta uzi

Sijawasahau, dada. Huja na magari yenye namba za majimbo mengine, wana adabu nzuri, na mkononi wana kompyuta kibao wakikwambia utie sahihi ili wakague paa bure. Soma. Mara nyingi sahihi hiyo ni mkataba unaowapa kazi yote iwapo bima italipa, na wakati mwingine unawahamishia haki ya kupokea fidia. Anayekuahidi kwamba hutalipa kile kiasi unachotakiwa kujilipia kabla ya bima anakualika kwenye udanganyifu. Hapa Kentucky jimbo halitoi leseni kwa mkandarasi mkuu wa nyumba, bali fundi umeme, fundi bomba na fundi wa mitambo ya joto na baridi lazima wawe nayo, kwa hiyo mtu kusema ana leseni ya jimbo ya kuezeka ni dalili ya kumtilia shaka.

Mkandarasi mzuri atakubali cheti chake cha bima kitumwe kwako moja kwa moja na kampuni yake ya bima. Atachukua kibali cha ujenzi kwa jina lake, kwa kuwa anayekuomba wewe ukichukue anakukabidhi dhima yake. Atalipwa kwa hatua: vifaa vikifika uwanjani, paa likifungwa, mkaguzi akipitisha umeme na mabomba, na sehemu ya mwisho kazi ikiisha. Kila unapolipa hatua, omba karatasi inayothibitisha kwamba wauza mbao na mafundi wadogo wamelipwa, maana wasipolipwa sheria huwaruhusu kuweka dai juu ya nyumba yako hata kama wewe ulimlipa mkandarasi yote.

Msiruhusu kuta zifungwe kabla ya kupima unyevu wa nguzo za mbao. Kipima unyevu chenye sindano mbili hakigharimu sana, na mimi huwa sifungi ukuta mpaka kisome chini ya asilimia 16 mahali pengi, hasa kwenye mbao ya chini kabisa inayogusa sakafu. Kadhalika msitie sahihi hati ya kukamilika kwa kazi kabla mkaguzi wa jiji hajapitisha ukaguzi wa mwisho, kwa sababu hati hiyo ndiyo inayofungua malipo ya mwisho kwa mkandarasi, na mkishaitia sahihi hamna tena cha kumrudishia uwanjani.

Mchangiaji kutoka St. Louis, Missouri

Nimeelewa, fundi. Mhandisi tumempata, atakuja wiki ijayo. Shangazi anauliza kama tuondoe matofali yaliyoanguka au tuyaache.

Mleta uzi

Yapigwe picha yalipolala, kisha mazima yasafishwe na kupangwa ndani ya uwanja wenu, mbali na barabara, yafunikwe. Matofali ya zamani ya St. Louis hununuliwa kwa bei nzuri na pia huibwa, na kama ukuta wa nne utajengwa upya yatahitajika kwa sababu matofali ya leo hayalingani nayo kwa rangi wala kwa kipimo. Yaliyopasuka yawekwe kando ya barabara, yakitengwa na matawi ya miti na vyombo vya umeme, la sivyo malori ya jiji yatayaruka. Ripoti ya mhandisi ikitoka, iandike hapa sehemu inayohusu mihimili ya sakafu, ukifuta jina na anwani ya shangazi, nami nitakueleza ni kipi cha kudai kwanza kwa mkandarasi.